Walengwa Wote Walifikiwa

Danford alipohamishiwa Bariadi kutoka kwao Maneromango, jambo la kwanza kuuliza halikuwa nyumba wala maji. Aliuliza kama Wasukuma ni wengi. Alipoambiwa ni wengi kuliko hata ng'ombe wao, alisugua viganja kama mtu aliyefunuliwa sinia la pilau. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za mababu waliobeba mizigo kwenda pwani, na mtani ana ruhusa ambazo hata mkuu wa polisi hana. Anakutukana, unacheka. Anakuchukulia kitu chako mchana kweupe, na hukipati mpaka ukikomboe kwa masharti yake yeye. Wa kwanza kununa ndiye mwenye kosa.

Basi huyo Danford, afisa ustawi wa jamii wa kata, hakuwahi kupita mbele ya geti la Anyes bila kurusha lake.

"Mwangaluka, mtani! Watoto wa watu leo umewapikia nini? Michembe tena? Viazi vikavu kila siku, wataota pembe hao!"

"Mwangaluka, Mzaramo. Leo hujauza shamba ukacheze ngoma?"

"Nimeuza la mwisho jana. Nimebaki na suruali."

"Na hiyo ukiiuza pitia njia nyingine. Hapa nina watoto wadogo."

Walikuwa wakicheka mpaka watoto nao wanacheka bila kujua wanachekea nini.

Kituo cha Anyes kilikuwa nyumba ya vyumba viwili na uwa wa mabati, kando ya barabara iendayo kiwanda cha kuchambua pamba. Alfajiri akina mama wa kiwandani walimkabidhi watoto wao getini, wengine bado wamelala, na jioni waliwachukua wakiwa wameshiba na wameoga. Wako watu wanaopenda watoto kwa mdomo. Anyes aliwapenda kwa mgongo. Akishuka huyu anapanda yule, na binti yake mwenyewe, Precious, aliyekuwa na miaka mitatu na wivu wa miaka thelathini, alikaa zamu yake akihesabu pumzi za aliye juu. Msaidizi alikuwa mmoja tu, mama mkwe wake, Milembe, ambaye alikoroga uji kwa mkono wa kulia na kumshikilia mtoto wa mgongoni kwa wa kushoto, na katikati ya hayo akatoa amri.

Siku ya ubatizo wa Precious, Danford alifika mapema kuliko padri. Wageni walipokaa tayari kula, aliinua sufuria zima la nyama, akatoka nalo hadi barabarani, akalikalia. Milembe alimfuata na mwiko. Danford akasema hatoi mpaka akombolewe. Kesi ikapelekwa palepale kwa Mboje, mwenyekiti wa mtaa, mtu mwenye sauti nzito na maamuzi mepesi. Mboje alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Huyo ni mtani," akasema mbele ya watu wote. "Kilichoshikwa na mtani kimeshikwa. Hata angekuwa amemshika padri. Komboeni."

Sufuria likakombolewa kwa mapaja mawili ya kuku na soda ya baridi. Watu waliisimulia siku hiyo kwa muda mrefu.

Kisha ule ugonjwa ukarudi safari ya tatu. Safari ya kwanza watu waliambiwa wajifungie. Safari ya pili waliambiwa wasiogope. Safari ya tatu wakaletewa mwongozo.

Anyes hakuwa na mzaha na Korona. Mjomba wake wa Migato alikuwa ameondoka nayo, mtu aliyekuwa akibeba gunia la mpunga begani huku akiimba, na mwishoni hakuweza kumaliza jina la mkewe bila kupumzika katikati. Kwa hiyo hata kabla ya mwongozo alikuwa ameweka ndoo ya koki na sabuni getini, na mama asiye na barakoa alimpokelea mtoto kwa nje. Mtoto mwenye homa alirudi nyumbani, na Anyes alimfuata jioni kumjulia hali akiwa amesimama mlangoni. Alidhani huo ndio mwongozo wenyewe. Hakujua kwamba kitu kisichokuwa na muhuri si kitu.

Danford alipokuja na karatasi zenye muhuri, alivaa uso wa ofisini. Barakoa yake ilikaa kidevuni, ikiulinda ule mdomo usianguke.

"Kanuni ya kwanza," akasoma, "wageni hawaruhusiwi kuingia eneo la watoto." Alikuwa amesimama katikati ya watoto, mmoja akimvuta kamba ya kiatu. "Kanuni ya pili. Kati ya mtoto na mtoto, mita moja, muda wote."

"Hata wakilala?" Anyes akauliza.

"Muda wote ni muda wote."

"Wale pale ni Kulwa na Doto, pacha. Walikaa miezi tisa bila hata nafasi ya kupitisha kidole."

"Huko walikuwa hawajasajiliwa," Danford akasema, akafungua ukurasa. "Kanuni ya nne. Mlezi asimbebe mtoto isipokuwa kwa dharura."

Milembe, mwenye mtoto mgongoni, aliacha kukoroga.

"Huyu nikimshusha atalia, baba."

"Kulia si dharura, mama."

"Umewahi kumsikia huyu?"

"Mama, mshushe. Serikali imesema."

Milembe akafungua khanga taratibu, akamshusha, akarudi nyuma mita moja kamili kama alivyoagizwa. Mtoto akavuta pumzi ndefu. Kilichofuata kiliwatoa kuku wa jirani juu ya bati. Danford aliendelea kusoma kanuni ya tano, midomo ikicheza bila mtu kusikia neno, mpaka mshipa ukamtoka shingoni.

"Mbebe!" akapiga kelele. "Mbebe, mama! Ni dharura!"

"Wabeja, baba," Milembe akamshukuru, akampandisha mtoto mgongoni, na utulivu ukarudi.

Kwa kanuni ya pili, Mboje alikuja na debe la chokaa akachora duara uwani kote, kila mtoto na lake. Alichora vizuri, kwa jasho, kwa kuwa aliambiwa kutakuwa na picha. Alipomaliza kunawa mikono, watoto walikuwa wameshalitafsiri jambo lenyewe. Duara moja lilikuwa zizi, wote wamejazana humo kwa miguu minne wakilia kama ndama, na Doto yuko nje na fimbo ya mtama, anawahesabu.

"Hawa watoto hawana nidhamu ya mita," Mboje akasema kwa huzuni.

"Wana ng'ombe," Danford akajibu. "Wasukuma hawa, hata ukiwachorea mwezi wataufanya zizi."

Mpaka hapo Anyes alicheka. Chokaa haiui mtu, na kipimajoto cha kata nacho hakikuwa na betri, ila Danford alikielekeza tu kwenye vipaji vya nyuso na kutamka "thelathini na sita" kwa sauti ya upole kama anayebariki. Yalikuwa mambo ya kuvumilika. Yanakuja, yanapigwa picha, yanaondoka.

Kilichomwondolea kicheko ni video.

Mtu mmoja wa kamati ya kata alitumiwa kwenye simu video ya mji fulani wa mbali, watu wamevaa nguo nyeupe kama malaika wenye mabuti, wanapulizia dawa barabara, mabenchi na milango. Kamati ikaitazama mara nyingi. Ikaona aibu kwamba Bariadi haijapulizia kitu. Hapohapo likapitishwa azimio, na Danford akalileta kwa Anyes akiwa na furaha ya mtu aliyepewa kazi yenye vifaa.

"Upuliziaji, mtani. Tunaanzia kwako, kituo cha mfano."

"Mnapulizia nini?"

Akasoma: "Maeneo, vifaa na walengwa."

"Walengwa ni nani?"

Danford akamtazama kana kwamba ameulizwa jua ni nini. "Walengwa ni walengwa. Hawa hapa." Akamwonyesha kwa kalamu Precious, aliyekuwa akimlisha mwanasesere wa gunzi uji wa mchanga.

"Mtapulizia watoto? Wenyewe? Miili?"

"Kidogo tu. Kwa juujuu. Ni dawa ya klorini."

"Danford, ile video walipulizia watu?"

"Video ilikatika mwishoni, bando liliisha," Danford akasema. "Ila mantiki iko wazi. Ukipulizia kiti ukamwacha anayekalia, umefanya nini?"

Anyes alikataa kwa upole wote alionao. Alikataa mara ya pili kwa upole uliobaki. Danford akakunja karatasi, ule uso wa ofisini ukamrudia.

"Mimi mtani wako, lakini azimio si langu. Kituo kitakachokataa kitafungwa siku hiyohiyo. Nisikufiche."

Usiku ule Anyes hakulalamika kwa mtu. Alifikiria neno moja tu, kufungwa. Safari ya kwanza, vituo vilipofungwa, kiwanda hakikufungwa. Stephania, aliyekuwa akifagia nyuzi chini ya mashine, alikosa pa kumwacha mwanawe, akawa anamfungia chumbani peke yake na kikombe cha maji hadi saa ya chakula. Siku moja alimkuta amelala chini ya mlango, kucha zimechanika kwa kukwaruza ubao. Huyo mtoto ndiye yule wa mgongoni kwa Milembe, ndiyo maana alilia vile akishushwa. Anyes akikataa, watarudi kwenye kufuli. Akikubali, ni watoto wake mwenyewe anaowapanga kwenye mstari wa dawa. Alimgeuza Precious upande wa pili, akamfunika, akamfunua, akamfunika tena.

Siku yenyewe kamati ilifika kwa wingi. Walijaa uwani mpaka wakakanyaga maduara ya watoto, na kanuni ya kwanza, ile ya wageni, ikabaki getini peke yake. Mboje alitangulia, amevaa koti la mvua na mabuti, mgongoni amebeba bomba la kupulizia, lile la plastiki lenye mpini wa kusukuma ubavuni.

Kabla hajafika karibu, harufu ilifika.

Kwa mtu wa Simiyu harufu ile haina haja ya kutambulishwa. Ni harufu ya Februari, pamba ikiwa magotini na funza wameingia kwenye vitumba. Mtoto akiisikia tu anajua kwamba leo haruhusiwi kupita shambani kwa baba. Kulwa aliziba pua, Doto akaziba ya Kulwa.

"Shikamoo, mwenyekiti," Anyes akasema, akapiga goti nusu. "Hilo bomba si la Mzee Luhende?"

"Marahaba, mayu, mama wa watoto. Ndilo. Ametuazima, mzee mzalendo sana."

"Si ndilo analopulizia pamba?"

"Alikuwa anapulizia," Mboje akasahihisha. "Msimu umeisha."

"Limeoshwa?"

"Limeoshwa."

"Na nani?"

Mboje akatazama mabuti yake. "Na mvua. Lilikaa nje masika yote."

"Mvua inaingia ndani ya bomba lililofungwa, baba?"

Wanakamati wakaangalia angani, kana kwamba mvua yenyewe itajibu. Wote walikuwa wenyeji. Wote walikuwa na mashamba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na pua mbovu. Lakini azimio lilikuwa limepita kwa kauli moja, na ile kauli moja ilikuwa yao.

Danford peke yake alivuta hewa kwa kuridhika. Maneromango wanalima minazi na korosho. Pamba aliiona kwenye godoro.

"Hiyo ndiyo nguvu ya dawa," akasema. "Ingekuwa hainuki ningetia shaka."

Koki ya bomba ilikuwa inavuja. Tone likadondoka karibu na ndoo ya makombo, mahali nzi walipokuwa wakifanya kikao chao cha kila siku. Nzi wawili watatu walizunguka kidogo kama walevi, wakalala chali. Milembe aliwatazama nzi, akamtazama Mboje, akatema mate pembeni.

"Mboje," akasema, "nilikufahamu ukiwa huna meno. Ndama wako ungempulizia hiyo?"

"Mayu, usinitie kwenye mambo ya kamati."

"Nimekuuliza ndama."

Mboje akarekebisha mkanda wa bomba begani.

Danford akaona shughuli inataka kupoa. "Jamani, muda. Mtani, wapange walengwa kwenye maduara. Au niandike kwamba umekataa?" Akatoa kalamu. Hakuwa anatania. "Nikiandika, leo jioni akina mama wakija watakuta kufuli."

Anyes aliitazama kalamu. Aliwatazama watoto, ambao kwa mara ya kwanza tangu maduara yachorwe walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye lake, kimya, kwa sababu waliwaona watu wazima wengi wasiocheka. Precious alikuwa wa mbele kabisa. Alikuwa amefumba macho na kuinua uso, kama anavyofanya akipakwa mafuta asubuhi.

"Subirini kwanza picha," Danford akasema. "Mwenyekiti, nipe mimi bomba. Afisa ndiye anatakiwa aonekane kazini. Shika simu, piga ukiwa pale, watoto waonekane."

Mboje alivua bomba haraka sana kwa mtu aliyesema limeoshwa. Danford akalitupia mgongoni, mikanda ikawa mifupi, akahangaika nayo, maji ya bomba yakimlowesha shati. Mwishowe akalishusha chini arefushe mkanda, lakini mkono mmoja akauacha juu yake, huku anatabasamu kwa ajili ya simu.

"Nyie mnaona?" akawaambia wanakamati. "Bomba limempata mwenyewe. Hili sasa ni la Mzaramo."

Hapo ndipo Anyes alipoliona. Sheria ilikuwa upande wao, muhuri ulikuwa upande wao, hata uoga ulikuwa upande wao. Ila Mzaramo alikuwa ameweka kitu chake chini, uwani kwa Msukuma.

"Kwa hiyo ni lako?" akauliza.

"Langu kabisa, mtani."

"Wabeja."

Akalikwapua. Danford alibaki ameinua kidole gumba kwa simu. Anyes alikwisha kulitia bomba kichwani, mkono mmoja juu, mwingine umekusanya khanga, akapita katikati ya kamati kama mwanamke anayetoka kisimani na ana wageni nyumbani. Akavuka geti. Hakusimama mpaka katikati ya barabara, palepale palipokaliwa sufuria la nyama.

"Nimeshika!" akapaza sauti. "Mzaramo nimemshika kitu chake! Akitaka akomboe!"

Danford akashusha kidole gumba. Kisha Milembe, na mtoto wake mgongoni, akapiga kigelegele kilichofika kiwandani. Na kwa kuwa ilikuwa saa ya chakula, akina mama walikuwa wakija kuwanyonyesha wachanga, nyuzi za pamba kichwani kama mvi. Stephania akiwa mbele. Waliona bomba, wakasikia harufu, wakamwona Danford anatoka mbio na kalamu sikioni. Hawakuhitaji kuelezwa. Wakapokea kigelegele na kuzingira barabara.

"Anyes, acha mchezo, hii ni shughuli ya serikali!" Danford akasema.

"Mtani amenuna?" Stephania akauliza kwa sauti ya juu. "Jamani, Mzaramo amenuna?"

"Amenuna!" wakaitikia. "Aongezewe faini!"

"Sijanuna!" Danford akasema, uso wake ukitafuta tabasamu kila mahali. "Nani amenuna? Lakini, jamani, kuna mipaka. Mwenyekiti! Waambie!"

Mboje alitoka getini polepole, simu ya Danford bado mkononi. Aliangalia upande wa kamati: kamati ilikuwa ukutani, inasoma tangazo la kombe la mpira lililobandikwa mwaka juzi. Aliangalia akina mama. Aliangalia nyuma, ndani ya uwa, ambako watoto walikuwa bado kwenye maduara yao wakingoja kupuliziwa. Labda alimwona Precious na macho yake yaliyofumbwa. Labda alimkumbuka yule ndama. Akafunga kifungo cha koti la mvua.

"Huyo ni mtani," akasema. "Kilichoshikwa na mtani kimeshikwa. Mimi mwenyewe nilishaamua siku ya ubatizo, siwezi kuwa na maamuzi ya nyama na maamuzi mengine ya bomba. Komboa."

Danford alicheka. Hakuwa na kingine cha kufanya. Mtani aliyeshikwa huachiwa kicheko tu, vitu vingine vyote vimefungiwa. Alicheka vibaya mwanzoni, kama injini ya pikipiki asubuhi ya baridi, kisha kweli.

"Haya, Msukuma. Unataka nini? Ng'ombe?"

"Ng'ombe ninao. Nataka katoni mbili za sabuni ya kipande, na ndoo ya koki, hii yetu imepasuka. Kanuni ya tatu, kunawa mikono, ndiyo pekee uliyoipita bila kuisoma."

"Na upuliziaji?"

"Upulizie kwa kutumia nini? Bomba si limeshikwa?"

"Na kituo?"

"Aliyeshikwa anafunga vya watu?" Milembe akadakia. "Hebu mtoeni hapa!"

Wakacheka barabara nzima. Danford akakuna bega. Akakuna tena.

"Angalau picha," akasema kwa unyonge. "Nitaandika nini, jamani? Nahitaji hata picha."

Wakampa picha. Alisimama uwani na birika la uji la Milembe, amelielekeza mbele kwa umakini mkubwa, mvuke unatoka mdomoni mwa birika, watoto wanne wakimchekea kwa mbali. Ukiitazama harakaharaka kwenye simu ndogo, ni mtu anayepulizia.

Wote walipoondoka, Anyes alilificha bomba juu ya banda la kuni la jirani, mbali na mkono wa mtoto. Kisha akarudi uwani. Precious alimwona, akakimbia, mikono imefunguliwa.

"Simama!" Anyes akasema. "Simama hapo, mama. Usinishike."

Mtoto akasimama. Midomo ikaanza kukunjamana. Khanga ya Anyes ilikuwa imelowa begani, na nywele zilinuka Februari. Alivulia nguo nyuma ya mabati, akanawa kichwa, mikono na shingo kwa kipande cha mwisho cha sabuni mpaka kikaisha, huku akimwimbia mwanawe kwa mbali asilie. Kati yao ilikuwa mita moja, pengine na kidogo. Katika ugonjwa ule wote, hiyo ndiyo mara pekee kanuni ya pili ilipofuatwa ipasavyo katika kituo cha Anyes. Alipokuwa safi alimnyanyua, na mtoto akamshika shingo kwa nguvu za mtu anayedai haki yake.

Taarifa ya kata ilisambazwa kwenye kundi la simu. *Zoezi la upuliziaji katika kituo cha mfano limekamilika kwa mafanikio makubwa. Walengwa wote walifikiwa. Changamoto: hakuna.* Chini yake ilikuwa ile picha ya birika. Watu wa ofisi mbalimbali walipongeza kwa viganja vya kupiga makofi.

Danford alirudi Jumatatu, peke yake, jua likizama, na katoni moja ya sabuni begani. Hakurusha neno getini. Alikuwa amevaa shati pana lisilomgusa, na alipoinama kuweka katoni, Anyes aliona mgongo wake kupitia kola. Ulikuwa mwekundu, umevimba kwa mistari miwili, kila mstari upana wa mkanda wa bomba.

"Inawasha?" akauliza.

"Silali, mtani. Zahanati wameniuliza nimelima pamba wapi." Akakaa kwenye kigogo, mbali kidogo na ukuta asije akaegemea. Kulwa na Doto walikuja wakamsimamia, kila mmoja na goti lake. "Hivi, Anyes, wale wengine... Mboje... walikuwa wanajua?"

"Nusa shati lako la siku ile, kisha uniambie nani hakujua."

Danford alimtazama Doto aliyekuwa akimpima joto la paji la uso kwa gunzi. "Thelathini na sita," Doto akasema kwa upole.

"Umeleta katoni moja," Milembe akatoa sauti jikoni. "Zilisemwa mbili. Na ndoo iko wapi?"

"Ndoo nitaleta mwezi ujao, mama. Katoni ya pili, sijui. Mambo magumu." Akageuka kwa Anyes, akashusha sauti. "Azimio linaendelea. Kesho kutwa walitaka twende vituo vya Mkula, na hakuna bomba jingine lililopatikana la bure. Wameniuliza asubuhi lile liko wapi. Nimewaambia limeshikwa na watani, na kimila siwezi kulichukua mpaka nimalize kukomboa."

"Na wakasemaje?"

"Mila inaheshimiwa sana ofisini," Danford akasema. "Waliguna tu. Kwa hiyo, mtani, katoni ile ya pili..." Akakuna bega, akajizuia. "Usinisukume sana nayo."

Anyes alimtazama muda, huyu mtu ambaye hakuweza kuiambia kamati hapana, ila aliweza kuwa mdaiwa wa sabuni mpaka kamati ichoke. Alitamani awe na ushujaa zaidi ya huo. Lakini vituo vya Mkula navyo vilikuwa na watoto, nao wangefumba macho na kuinua nyuso, na kwa leo deni lile lingewatosha.

"Sitapokea mpaka itimie yote," akasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Mzaramo wewe! Umeuza shamba, umeuza suruali, sabuni imekushinda!"

Danford akainua uso. Kwa mara ya kwanza jioni ile meno yalionekana.

"Kaleni michembe yenu huko!" akajibu, akaondoka akitembea wima kama mtu aliyebeba mayai mgongoni.

Mzee Luhende alikuja mara mbili kuulizia bomba lake. Mara zote mbili Milembe alimkaribisha, akampa uji, akamwambia amtafute Mzaramo.